Mabaki Gani Yasiyokwisha?

Mtu akipata viza ya Marekani, ushauri humfikia kabla hajakata tiketi. Usinunue nguo mjini, ataambiwa, subiri wakupeleke autileti. Ndugu walioko New Jersey watatenga Jumamosi, binamu atatoa gari, na hakosekani shangazi wa kukumbusha kwamba sanduku la pili liende tupu. Sababu inayotolewa ni moja, na imezoeleka hata hakuna anayeihoji: autileti huuza bidhaa zile zile za majina makubwa, zilizopitwa na msimu au zilizobaki ghalani, na ndiyo maana bei yake ni nusu. Walioko London husema hivyo kuhusu Bicester Village, kijiji cha maduka karibu na Oxford. Walioko Dubai husema hivyo kuhusu Outlet Mall ya barabara ya Al Ain.

Zamani ilikuwa kweli. Leo, kwa sehemu kubwa, si kweli, na anayeishika imani hiyo bila kuikagua hurudi nyumbani ametumia pesa nyingi zaidi huku akidhani amebana matumizi.

Tuanze pale ilipokuwa kweli. Viwanda vya nguo vya kaskazini mashariki mwa Marekani vilikuwa na chumba pembeni ambamo wafanyakazi waliuziwa soksi zenye kasoro, mashati yaliyozidi oda na nguo zilizokataliwa na wanunuzi wa jumla. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa majirani, kisha kwa yeyote mwenye pesa. Mjini Reading, Pennsylvania, kampuni ya Vanity Fair iligeuza majengo ya kiwanda cha zamani cha soksi kuwa maduka katika miaka ya 1970, na watu wakawa wanafika kwa mabasi ya kukodi kutoka miji ya mbali. Mji ule ulijisifu kuwa makao makuu ya autileti duniani. Aliyenunua pale alijua anachokikubali: mshono uliopinda, rangi ambayo haikupendwa, saizi iliyobaki peke yake. Alipunguziwa kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa na upungufu, au kilikuwa kimechelewa.

Maduka ya namna hiyo hayajafa kabisa. Nenda Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi wa Uingereza, utakuta duka la Emma Bridgewater na lile la Burleigh pale Middleport, yote yakiuza vikombe na sahani za daraja la pili hatua chache kutoka zinapotengenezwa. Kikombe kina kidoa, au ua limechorwa likaenda upande. Kasoro unaiona kwa macho, na bei inaeleweka.

Sasa twende Woodbury Common. Ilifunguliwa mwaka 1985 huko Central Valley, kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Manhattan, na leo ina maduka zaidi ya 200 chini ya Simon Property Group, moja ya kampuni kubwa kabisa za majengo ya biashara Marekani. Hapana kiwanda pale. Kuna maegesho yasiyo na mwisho, vijumba vilivyojengwa kwa mtindo wa kijiji, na mabasi yanayoshusha watalii asubuhi na kuwazoa jioni wakiwa na masanduku mapya ya magurudumu waliyonunua hapo hapo kubebea walichonunua hapo hapo.

Ingia duka lolote la nguo za kawaida, simama mbele ya rafu ya fulana za kola. Utaona rangi saba au nane, na kila rangi ina saizi zote kuanzia ndogo kabisa hadi ile ya mtu mwenye kitambi chake. Zimekunjwa sawasawa. Zikipungua mchana, kijana analeta nyingine kutoka stoo. Jiulize tu: mabaki gani haya? Mabaki kwa asili yake ni vitu vya kubahatisha. Duka likiagiza mashati elfu kumi na kuuza elfu tisa, yale elfu moja yanayobaki ni ya saizi za pembeni na ya ile rangi ya haradali aliyoipenda mchoraji peke yake. Mabaki hayaji na saizi zote, wala hayana stoo ya kujazia rafu. Tena maduka zaidi ya 200 yanayofunguliwa karibu kila siku ya mwaka, katika kituo kimoja tu kati ya vingi vilivyotapakaa nchini, yangelishwa na mabaki ya nani?

Jibu linajulikana, na wenye biashara hawalifichi sana. Sehemu kubwa ya kilichomo imeshonwa kwa ajili ya autileti tangu mwanzo. Haikuwahi kutundikwa kwenye duka la mjini hata siku moja. Januari 2014 maseneta Sheldon Whitehouse, Edward Markey na Richard Blumenthal, pamoja na mbunge Anna Eshoo, waliiandikia Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, wakiomba ichunguze kama wateja wanapotoshwa. Katika barua yao walitaja makadirio kwamba bidhaa zinazotengenezwa kwa ajili ya maduka hayo tu zinapita asilimia 85. Makadirio ni makadirio, na duka moja halifanani na jingine; sitaapa kwa tarakimu hiyo. Lakini hata ukiipunguza kwa theluthi, bado hadithi ya mabaki inaanguka.

Na ushahidi umeshonewa kwenye kola. Gap ina Gap Factory, J.Crew ina J.Crew Factory, na zote mbili zina maduka yao ya mtandaoni yanayouza nguo zao wenyewe. Wanaojua huangalia chini ya jina: vimraba vitatu kwenye lebo ya Gap mara nyingi humaanisha nguo ya autileti, na vialmasi viwili hufanya kazi hiyo kwenye lebo ya J.Crew. Brooks Brothers, kampuni ya suti iliyoanza mwaka 1818, kwa miaka mingi iliweka namba 346 kwenye lebo za autileti. Namba yenyewe imetoka kwenye anwani ya lililokuwa duka lake la Madison Avenue, New York. Yaani lebo iliyobeba anwani ya duka la kifahari ndiyo iliyokujulisha kwamba nguo hii haikupita duka hilo. Nakiri hapo walinifurahisha.

Si kosa kushona nguo ya bei ndogo. Kampuni yoyote inaweza kutumia kitambaa chembamba zaidi, bitana inayoishia nusu ya koti, mishono michache kwa kila inchi, vifungo vya plastiki, ngozi iliyopakwa rangi nzito kufunika madoa. Hivyo ndivyo bei inavyoshuka popote duniani, Athi River hata Dhaka. Cha ajabu ni tabia ya mnunuzi wetu. Mtu yule yule ambaye pale Mchikichini au Gikomba angeigeuza blauzi nje ndani, akavuta mshono wa kwapani, akapandisha na kushusha zipu mara tatu, akainyanyua kwenye mwanga kuona kama inaonyesha, na bado akasema "mwanangu, hii imechoka," akifika Woodbury mikono yake inasahau kazi. Anasoma tagi tu.

Kwa hiyo tuisome tagi. Kwenye mkoba wa ngozi kuna mistari miwili. Wa juu unasema dola 298, kwa maelezo kwamba hiyo ndiyo bei inayopendekezwa na mtengenezaji. Wa chini unasema 149. Juu ya rafu kuna kibao: punguza tena asilimia 30. Kaunta unalipa dola 104 na senti 30, kisha risiti inakupongeza kwa maandishi kwamba leo umepunguziwa dola 193 na senti 70. Nimejitungia mfano huu, lakini aliyewahi kwenda ataitambua hesabu yake. Zile 298 zilikuwa bei ya nini? Kama mkoba umetengenezwa kwa ajili ya autileti, hakuna mtu aliyewahi kuulipia 298 popote. Jana ulikuwa kwenye rafu hiyo hiyo, kwa bei hiyo hiyo, chini ya kibao hicho hicho.

Mwenye duka Kariakoo akianza na elfu sitini, mkavutana mkamalizana kwa thelathini na tano, hurudi nyumbani ukatangaza kwamba umepunguziwa elfu ishirini na tano. Wote wawili mnajua sitini ilikuwa salamu. Kule tagi nayo inatoa salamu, ila kwa kuwa imechapishwa kwa mashine na duka lina kiyoyozi, tunaichukua kama kiapo.

Mahakama zimeshaletewa jambo hili. Mwaka 2015 Michael Kors ilikubali kulipa dola milioni 4.875 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba bei za mtengenezaji kwenye tagi za autileti zake zilikuwa za kubuni, kwa bidhaa ambazo hazikuuzwa kwingine. Kampuni haikukiri kosa, kama ilivyo kawaida ya maridhiano hayo. Miongozo ya FTC nayo inataka bei ya awali inayotajwa iwe bei ya kweli, na sheria ya California haitaki utangaze bei ya zamani kama haikuwa bei ya soko katika miezi mitatu iliyotangulia. Sheria zipo. Kuzifuatilia rafu kwa rafu ni kazi nyingine.

Bei hiyo ya kubuni, kwa bahati mbaya, husafiri. Wanaonunua ili kuja kuuza Dar es Salaam au Nairobi huiacha tagi ining'inie, na picha ya mtandaoni hupigwa ikionyesha zile 298. Mteja wa Sinza anaambiwa anauziwa nusu ya bei ya Marekani. Hajui kwamba bei hiyo hata Marekani haikuwahi kulipwa na mtu.

Nitakuwa sitendi haki nikiwatupia wenye maduka lawama zote. Mwaka 2012 Ron Johnson, aliyetoka Apple na kukabidhiwa maduka ya JC Penney, alifuta kuponi na punguzo zisizoisha akaweka bei moja ya kweli tangu asubuhi. Kimantiki alikuwa sahihi kabisa. Mauzo yakaporomoka kwa takribani robo ndani ya mwaka mmoja, na Aprili 2013 akaondolewa. Kuponi zikarudi. Wateja hawakutaka bei ya chini peke yake, walitaka na raha ya kuiona ya juu ikikatwa. Raha hiyo ndiyo inayouzwa na autileti kwa ustadi kuliko mashati.

Liko jambo la umbali pia, ambalo watu hulihesabu kama usumbufu tu. Kwa nini vituo hivi viko porini? Woodbury ni zaidi ya saa moja kwa basi kutoka Manhattan. Bicester unapanda treni Marylebone. Ile ya Dubai iko nje kabisa ya mji. Ardhi ni rahisi huko, kweli. Lakini Donald Ngwe, aliyekuwa akifundisha Harvard Business School, alipochunguza takwimu za mauzo za kampuni moja ya mitindo alionyesha kwamba umbali wenyewe ni chombo cha kazi. Mwenye pesa asiyependa kuhangaika atabaki mjini alipe bei kamili. Anayejali bei atajitenga mwenyewe kwa kupanda basi. Kampuni inauza kwa wote wawili bila mmoja kumharibia mwenzake bei, na bidhaa ya autileti ikishushwa ubora kidogo, yule wa mjini hapati tena sababu ya kuifuata. Pengine kampuni ingeweza kukuuzia shati la dola 30 hapo hapo mjini. Inakutaka usafiri kwanza.

Na ukishasafiri, hurudi mikono mitupu. Nauli imelipwa, siku imekwisha, binamu ameomba ruhusa kazini. Mtu aliyekuja kutafuta viatu vya mtoto anatoka na viatu, mikanda miwili, manukato ya kaka na koti la baridi la kupeleka Morogoro. Hakuna kati ya hivyo vya ziada ambacho angekinunua kama duka lingekuwa mtaani kwake, hata kwa robo bei. Vyote hivyo ni matumizi, hata risiti ikiviita punguzo.

Tena hesabu yenyewe hukosewa. Bei ya tagi Marekani haijajumuisha kodi ya mauzo, huongezwa kaunta. New Jersey haitozi kodi hiyo kwa nguo na viatu vya kawaida. New York husamehe kodi ya jimbo kwa nguo au jozi ya viatu visivyofika dola 110, na ikifika hapo inatoza yote. Basi yule ndugu aliyeamka alfajiri New Jersey kukupeleka Woodbury ukanunue viatu vya dola 130 amekuvusha mpaka wa jimbo ili ukatozwe kodi ambayo mtaani kwake haipo. Uingereza nako bado kuna wanaoshauri kwamba utarudishiwa VAT uwanja wa ndege wa Heathrow. Marejesho hayo kwa watalii wanaonunua madukani yalifutwa tangu Januari 1, 2021. Kodi yenyewe ni asilimia 20, kwa hiyo kosa hilo peke yake linaweza kumeza punguzo lote.

Najua jibu la wengi, na ni jibu zito. Watasema: sawa, shati halikutoka duka la mjini, tagi inadanganya, lakini nimelipa dola 25, shati linanipendeza na limedumu miaka minne. Nimeibiwa nini? Hujaibiwa kitu. Shati zuri la dola 25 ni shati zuri la dola 25. Hoja yangu ni kwamba ulilinganishe na mashati mengine ya dola 25: ya maduka ya kawaida siku za mwisho wa msimu, ya maduka ya mitumba ambayo miji ya Marekani imejaa, ya Target iliyo karibu na kwa binamu. Ukilinganisha hivyo, autileti mara nyingine itashinda. Mara nyingi zitatoka sare, na katika sare anayeshinda ni duka lisilohitaji safari ya siku nzima.

Na vipo vitu ambavyo ningevifuata huko bila kusita. Viatu vya mbio vya toleo la mwaka jana ni viatu vile vile, mguu haujui kalenda. Sufuria nzito za Le Creuset kwenye autileti zao hupatikana za daraja la pili au za rangi zilizoacha kutengenezwa, na maharage hayajali rangi. Familia iliyotua Minneapolis kutoka Kakuma mwezi Novemba inahitaji makoti matano kwa mpigo, na hapo sitasimama kutoa mhadhara wa vialmasi kwenye lebo. Katika maduka ya nguo za gharama kubwa pia hubaki kona yenye rafu moja au mbili za misimu iliyopita kweli kweli. Utaitambua kwa kuwa saizi zimeparanganyika na kila kitu kiko kimoja kimoja. Rafu isiyopangika ndiyo ya kwanza kuiangalia.

Kama safari imeshapangwa na shangazi amekwisha kutoa agizo, basi fanya mambo ya kawaida tu. Andika unachohitaji ukiwa nyumbani, na bei unayokubali kutoa, kabla hujaona tagi yoyote. Ukishika kitu, tafuta namba yake kwenye simu: kama duka la mjini halijawahi kukiuza, mstari wa juu wa tagi ufute kichwani. Kigeuze nje ndani kama ulivyozoea sokoni, usione aibu. Hakuna anayekujua pale. Na risiti itunze vizuri, kwa sababu mara nyingi duka la mjini la jina lile lile halipokei kitu kilichonunuliwa autileti, na nauli ya kukirudisha Central Valley ni juu yako.